Kabla Hujapandisha Hita ya Sola Kwenye Paa

Ukipita Njiro au Sakina jijini Arusha, au Runda na Karen kule Nairobi, utaona mapaa yaliyobeba pipa la rangi ya fedha lililolala juu ya safu ya mirija ya kioo. Baadhi yanapasha maji kila siku bila shida. Mengine yamebaki pambo: wenye nyumba walishakata tamaa, wanaogea shawa ya umeme, na pipa limeachwa huko juu kwa sababu kulishusha nako ni gharama. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa "zile sola ni feki", au "huku kwetu mawingu yamezidi". Panda juu na fundi anayeijua kazi, na mara nyingi utaona jua halina hatia. Tangi la maji baridi limewekwa chini mno, bomba limepanda na kushuka likashika hewa, maji ya kisima yamejenga ukoko ndani, au kuna mtu ameziba bomba la kupumulia. Hita ya sola ni kazi ya fundi bomba kwanza, ndiyo maana hapa tunaanza na maji. Jua litasubiri.

Lakini kwanza jiulize kama unaihitaji kweli. Kama unaishi Kigamboni, Tanga mjini au Mombasa, maji yaliyoshinda kwenye tangi la plastiki juani yanatosha kuogea sehemu kubwa ya mwaka. Ukiwa na mzee, mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani, hesabu inabadilika kidogo, na mwenye hoteli ana hesabu yake. Wengine wa pwani, tumieni pesa kwa mambo mengine. Kifaa hiki kinajilipa nyanda za juu: Arusha, Lushoto, Iringa, Njombe, Mbeya, na ng'ambo ya mpaka Limuru, Nyeri na Eldoret, kule ambako kipupwe cha Juni hadi Agosti kinamfanya mtu aangalie ndoo ya maji baridi kwa uadui.

Mtu mmoja hutumia kati ya lita 30 na 50 za maji ya moto kwa siku, yaani maji ya nyuzi 60 hivi ambayo atayachanganya na ya baridi. Familia ya watu watano inafaa iwe na pipa la lita 200. Aliyekulia kuoga kwa ndoo anajua lita 20 zilizokwisha kuchanganywa zinamtosha mpaka visigino. Shawa ya kawaida inamwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika, na kijana wa sekondari akiingia na simu inayopiga muziki, hesabu zako zote zimevurugika. Kadiria kwa kuangalia watu wako walivyo, usikadirie kwa idadi ya vyumba.

Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2. Lita 200 zikitoka nyuzi 20 kufika 60 ni uniti 9 na ushee za umeme. Chukua bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU au kwenye tokeni, zidisha, kisha zidisha tena kwa siku za mwezi. Hiyo ndiyo pesa ambayo jua linaweza kukuokolea kama maji hayo yote unayatumia kweli. Kama nyumbani mko wawili na mnaoga haraka, punguza hesabu kwa uaminifu kabla muuzaji hajakupigia ya kwake.

Sasa maji. Hita zinazouzwa kwa bei nafuu zaidi huku kwetu ni zile zisizo na presha. Mirija imejaa maji. Jua linayapasha, maji ya moto yanakuwa mepesi na kupanda hadi kwenye pipa, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Kutoka kwenye pipa hadi kwenye shawa, maji yanashuka kwa uzito wake tu, na pipa lenyewe linajazwa kutoka tangi kubwa la maji baridi kwa uzito vilevile. Kwa hiyo kitako cha tangi la maji baridi lazima kiwe juu kuliko sehemu ya juu kabisa ya hita. Sharti hili ni dogo, na ndilo linalovunjwa kuliko yote. Tangi lilijengewa mnara wake miaka mingi kabla ya sola kufikiriwa, mnara ukaishia usawa wa dari. Halafu hita ikapelekwa kwenye kilele cha paa kwa sababu ndiko kwenye jua. Maji hayapandi mlima. Pipa linajaa nusu, au linajaa usiku tu, wakati presha ya mamlaka ya maji ni kubwa na tangi limejaa hadi juu.

Kupima usawa huo hakuhitaji mtaalamu. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi wa ujenzi huutumia kusawazisha lenta, uujaze maji na uhakikishe hauna mapovu. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kitako cha tangi, mwingine apeleke ncha ya pili pale ambapo hita itakaa. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, na utaona kwa macho yako nani yuko juu ya mwenzake na kwa kiasi gani. Nilimsikia fundi mmoja akimweleza mteja wake aliyekuwa tayari ameshika katalogi: "Mama, pesa ya mirija iache kwanza, tuinue tangi." Alikuwa sahihi, japokuwa alijikosesha mauzo ya siku hiyo.

Kumbuka pia kwamba kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bari 0.1 tu. Shawa iliyo mita mbili chini ya pipa itapata bari 0.2, nayo ni manyunyu. Ukitaka maji yenye nguvu, ama unainua kila kitu, ama unanunua hita ya presha na pampu ya kuongeza nguvu. Hita ya presha ina pipa nene zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Lazima iwe na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe presha au joto likizidi, na bomba la valvu hiyo lielekezwe mahali ambapo maji yanayochemka hayatamwagikia mtu. Usikubali kamwe hita isiyo na presha iunganishwe moja kwa moja na pampu au na bomba la mamlaka. Pipa lake halikutengenezwa kwa kazi hiyo, litafumuka kwenye maungio.

Kuna kibomba kidogo kinachochomoza juu ya pipa lisilo na presha, hakielekei popote. Hicho ni cha kupumulia. Maji yakipata moto yanatanuka na kusukuma hewa nje. Maji yakitoka, hewa inaingia. Kinatoa mvuke, wakati mwingine kinachuruzika, na kwa macho ya asiyejua kinaonekana kama kasoro. Nimeona pipa ambalo kibomba hicho kilifungwa kifuniko baada ya mwenye nyumba kulalamika kwamba paa linalowa. Siku mgao wa maji ulipokausha tangi kubwa, watu ndani waliendelea kufungua koki, maji yakashuka na hewa ikakosa njia. Pipa lilijinyonya likabonyea ubavu mzima. Bati la ndani la mapipa haya ni jembamba sana, halivumilii. Kama kinachuruzika, fundi akirefushe kupanda juu, kipite usawa wa maji ya tangi kubwa. Kuziba ni mwiko.

Mgao una madhara mengine. Mirija ikikauka saa sita mchana, joto ndani yake linaweza kupita nyuzi 200. Maji baridi yakirudi ghafla, kioo kinapasuka, na mrija mmoja ukipasuka pipa zima linamwagikia paa. Kwa hiyo tangi lako la akiba liwe kubwa kiasi cha kuvuka siku za mgao, na ikitokea hita imekauka, funga koki inayoijaza. Ifungue jua likishazama na mirija kupoa, au alfajiri. Hata siku ya kwanza ya kufunga mtambo, mirija ifunikwe kwa turubai au makaratasi ya maboksi yake mpaka maji yajae.

Ubora wa maji ndio utakaoamua aina ya hita. Angalia ndani ya birika lako. Kama kuna ukoko mweupe unaokwaruzika kwa kucha, maji yako ni magumu, na ukoko huohuo utajijenga kwenye mirija na pipa, safari hii mahali usipoweza kuufikia. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Dodoma yana tabia hiyo. Hapo usinunue mirija inayojazwa maji. Nunua ile ambayo ndani yake ni kavu na ina fimbo ya shaba inayobeba joto hadi kwenye pipa, au mtambo ambao maji yanayozunguka kwenye paneli ni mengine, yamefungwa peke yake, na yanapasha maji ya kuogea kupitia ukuta wa pipa. Ni ghali zaidi, ila ule wa bei nafuu utakulipisha tofauti hiyo polepole. Kwa wenye maji ya chumvi, uliza daraja la chuma cha pua: 316 inastahimili chumvi kuliko 304. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo hajui anachouza. Na kwa majirani wa Mlima Meru, tuseme wazi: kuchemsha hakuondoi floraidi iliyo katika maji yenu. Maji ya hita ni ya kuogea na kuoshea vyombo.

Mapipa mengi ya chuma yana fimbo ya magnesiamu ndani, iliyowekwa makusudi iliwe na kutu badala ya pipa. Ikiisha, pipa linafuata. Uliza iko wapi, inafunguliwaje, na kama vipuri vyake vinapatikana mjini kwako. Watu wengi wameishi na hita mpaka ikatoboka bila kujua kwamba kulikuwa na fimbo ya kubadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Jua sasa. Soko lina paneli bapa na mirija ya kioo. Paneli bapa ni sanduku lenye kioo juu, bati jeusi na mabomba ya shaba ndani. Ni imara, mvua ya mawe haiisumbui sana, na ikiharibika fundi wa hapa anaweza kuifungua. Mirija ina kuta mbili za kioo na kati yake hewa imeondolewa, kwa hiyo joto likishaingia halitoki kirahisi. Siku ya baridi yenye mawingu mepesi mirija inashinda. Makete na Kitulo, ambako usiku wa kipupwe umande unaganda, paneli bapa yenye maji ndani inaweza kupasuka hata kama kipimajoto hakikufika sifuri, kwa sababu kioo chake hupoteza joto kwa anga tupu la usiku. Huko chagua mirija bila kusitasita.

Mrija mzima unautambua kwa ncha yake ya chini. Ndani ya kioo, pale chini, kuna duara linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ni bariumu iliyopakwa hapo kulinda ombwe. Hewa ikiingia, duara hilo linageuka jeupe kama maziwa. Mirija ikishushwa kwenye gari, kaa hapo uikague mmoja mmoja. Wenye ncha nyeupe urudi dukani siku hiyohiyo.

Mwelekeo unawachanganya watu kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua linapita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine. Jibu liko kwenye kipupwe. Juni na Julai, wakati unapoyataka maji ya moto kuliko wakati wote, jua liko kaskazini, na hilo ni kweli Mbeya, Arusha, Nairobi, hata Eldoret iliyovuka ikweta kidogo. Elekeza kaskazini. Fremu nyingi zinazoletwa zimeinama nyuzi 45 au karibu na hapo, kwa sababu zilichorewa nchi zilizo mbali na ikweta. Ukiiweka fremu hiyo Arusha ikatazama kusini, saa sita mchana ya mwishoni mwa Juni itapata chini ya theluthi ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingepata kama ingelitazama jua uso kwa uso. Ikitazama kaskazini inapata karibu wote. Mwinuko wa nyuzi 20 hivi unatosha nyanda zetu, ila usilaze kabisa: mirija yenye fimbo ya shaba haifanyi kazi ikilala, na vumbi halioshwi na mvua. Kisha angalia kivuli kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, ukikumbuka kwamba mgrivea wa jirani bado unakua.

Paa lina maneno yake. Lita 200 ni kilo 200. Ongeza pipa, fremu na kioo, unakaribia kilo 300 kwenye eneo la mita chache. Kenchi za mbao nyembamba hazikuhesabiwa mzigo huo. Miguu ya fremu ikae juu ya ukuta au juu ya kenchi zilizoongezewa nguvu, na seremala aingie darini kuangalia kabla fundi hajatoboa. Bati litobolewe kwenye mgongo wake, kamwe lisitobolewe kwenye bonde ambako maji hupita, na kila bolti ivae raba. Kama nyumba ina zege juu ya veranda au karakana, mtambo ukae hapo. Paa lako litakushukuru.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya PPR ya maji ya moto, yameandikwa PN20 ubavuni. PVC ya kawaida inalegea na kupinda. Hata PPR usiiunganishe moja kwa moja na mdomo wa pipa au paneli; mita ya kwanza iwe ya shaba au ya chuma cha pua, kwa sababu siku ya jua kali ambayo hakuna aliyeoga, maji huko yanachemka kabisa. Bomba lishuke kwa mteremko mmoja. Kila mahali linapopanda na kushuka tena, hewa inajificha, na hewa iliyojificha inazuia maji ya presha ndogo kama kizibo. Livishwe sponji la kuzuia joto kuanzia juu hadi chini, na sehemu ya nje ifungwe utepe wa aluminiamu, la sivyo jua litalisaga sponji likawa unga.

Urefu wa bomba ni pesa. PPR ya milimita 25 inabeba lita 0.2 na zaidi kidogo kwa kila mita. Bafu likiwa mita 20 kutoka kwenye hita, kila anayefungua koki anamwaga lita 4 za maji yaliyopoa kabla ya kupata ya moto, na akimaliza anaacha lita 4 za moto zikipoa bombani. Weka hita juu ya bafu linalotumika zaidi. Jiko linaweza kusubiri.

Siku ya jua la Januari pipa linaweza kufika nyuzi 80. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache, na ya mtoto haraka zaidi. Funga valvu ya kuchanganya inayozuia maji yasizidi nyuzi 50 yakifika bafuni. Kwenye nyumba yenye watoto mimi siihesabu kama anasa. Ndani ya pipa lenyewe usishushe joto mno, kwani maji ya vuguvugu yanayokaa siku nyingi hukuza bakteria wa lejionela. Wiki ya mawingu, yapashwe kwa umeme mpaka nyuzi 60.

Hapo ndipo unapohitajika waya wa umeme wa kupashia maji ndani ya pipa, wa kilowati 1.5 au 2, na ndipo akiba yote inapopotelea. Ukiuacha umewashwa usiku kucha, jua la asubuhi linakuta pipa limejaa joto ambalo umeshalilipia TANESCO. Uwekewe swichi ya saa: uwake kuanzia saa 12 jioni, jua likishamaliza kazi, tena kwa siku za mawingu tu. Lazima uwe na ethi na swichi inayokata umeme ukivuja, kwa kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Ukioga alfajiri, lipa zaidi kwa pipa lenye sponji nene. Huko California mwaka 1909, William Bailey alianza kuuza mtambo uliotenganisha paneli na tangi, tangi lake likiwa limefungwa vizuri lisipoteze joto, akaupa jina la Day and Night. Wateja wa washindani wake walikuwa na maji ya moto jioni. Wateja wake walikuwa nayo hadi asubuhi.

Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungwe mitambo ya sola, na mafundi wapewe leseni na mamlaka ya nishati. Ila kanuni haipashi maji: ukinunua au kupanga nyumba yenye hita tayari, usiridhike kuiona juu. Fungua koki ya moto asubuhi kabla mtu hajaoga.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, subiri siku nzima ya jua bila umeme kuwashwa, kisha saa 11 jioni weka kipimajoto chini ya koki. Nyuzi 55 au zaidi, mlipe na umshukuru. Risiti iandike aina ya pipa, idadi ya mirija na muda wa dhamana, na ieleze nani atapanda juu kama kuna tatizo, kwa sababu dhamana nyingi huhusu kifaa tu na kumwachia mwenye nyumba gharama ya kukishusha.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Futa vumbi kila kiangazi, kagua fimbo ya magnesiamu, inua kidogo mkono wa valvu ya usalama mara mbili kwa mwaka isije ikashikana. Na mkisafiri wote, tuseme mnakwenda kijijini Krismasi, usifunge koki kuu inayolisha hita ukaacha mirija wazi juani. Zima umeme wake, acha maji yakiingia, na ufunike mirija kwa turubai lililofungwa kamba.